Muvi za Warumi: tunaangalia historia au tunaangalia damu tu?

Kaka wa Mbagala (mleta mada)

Wakuu habari za jumapili. Nina hasira kidogo ila nitajitahidi kuandika kistaarabu.

Jana usiku tuko sebuleni tunakula, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, ananiambia kwa kujiamini kabisa eti kaizari Commodus wa Roma aliuawa uwanjani na gladieta anaitwa Maximus na baada ya hapo Roma ikarudishwa kwa wananchi. Namuuliza umesoma wapi hayo, anajibu anko mbona kila mtu anajua. Kila mtu anajua! Kumbe kitabu chake ni ile Gladiator ya mwaka 2000, ya Russell Crowe, ambayo nimemwekea mimi mwenyewe kwenye flashi nikamwambia achana na vikatuni vyenu, hii ndo muvi.

Sasa nilichomwambia yeye nawaambia na nyie. Maximus hakuwepo, katungwa. Commodus alikuwepo, na ni kweli alikuwa anashuka uwanjani kupigana, lakini hakufia huko. Tarehe 31 Desemba mwaka 192 walimtilia sumu akaitapika, wakamtuma mcheza mieleka mmoja anaitwa Narcissus akamnyonga, basi. Na Roma haikurudishwa kwa mtu yeyote. Akaja Pertinax, hata miezi mitatu hakumaliza, walinzi wa ikulu wakamuua, halafu walinzi hao hao wakaupiga ukaizari mnada, nasema mnada kabisa wa nani anaongeza, akaununua tajiri mmoja Didius Julianus, na yeye miezi miwili na siku kadhaa kichwa hana. Hiyo ndo "jamhuri" iliyorudishwa. Na yule mzee Marcus Aurelius anayeuliwa na mwanae kwenye muvi kwa sababu anataka kuwapa watu utawala wao? Yeye mwenyewe ndo alimfanya mwanae kaizari mwenza mwaka 177, miaka mitatu kabla hajafa.

Hoja yangu ni hii. Watu hawazipendi hizi muvi kwa sababu ya historia, wanapenda panga, damu na spika zinazotikisa kifua, historia ni shuka tu la kuvalisha ngumi. Mbaya zaidi ni kwamba kwa sababu zimevaa hilo shuka zinaaminika. Mtu akiangalia Mchina anatembea juu ya mianzi anajua hapa nadanganywa na anafurahi, lakini ukimwekea nguzo za mawe na mzee mwenye ndevu anayeongea Kiingereza cha Uingereza anatoka hapo anajiona amesoma. Mi naona ziandikwe mwanzoni kwa herufi kubwa HADITHI YA KUTUNGA, kama pakiti ya sigara inavyoandikwa.

Nawasilisha.

Fundi Antena

Yaani flashi umeweka wewe halafu unakuja kulia huku. Pole lakini.

Sauti ya Kijiweni

Mleta mada umechanganya madesa. Damu ipo kwenye muvi elfu moja na hakuna anayezikumbuka.

Mi nimekulia kibanda umiza, benchi la mbao, TV yenye mgongo, jasho, watu sitini kwenye chumba cha watu ishirini. Hiyo muvi tumeiona mpaka mkanda ukaanza kukwaruza na nusu yetu Kiingereza hatukijui, na sikumbuki hata siku moja mtu kauliza Marcus Aurelius ni nani. Tulichokuwa tunafuata ni kimoja tu, stelingi kaonewa. Jamaa alikuwa jenerali, ana mke ana mtoto ana shamba lake la ngano, wakamuulia familia, wakamuuza kama mbuzi, hata jina wakamnyang'anya wakawa wanamwita Mhispania. Halafu anapanda kidogo kidogo kwa mikono yake mwenyewe mpaka siku anasimama uso kwa uso na aliyemdhulumu, anavua ile kofia ya chuma, anajitaja yeye ni nani. Aisee pale kibanda kilikuwa kinalipuka, watu juu ya mabenchi, mwenye kibanda anapiga kelele mtavunja mtalipa! Kila mtu mle ndani alikuwa na Commodus wake kichwani, wa mmoja mwenye nyumba, wa mwingine mgambo aliyembebea meza ya biashara, wa mwingine baba mdogo aliyekula kiwanja cha marehemu.

Hiyo siyo Roma mkuu. Weka hadithi hiyo hiyo bandarini itafanya kazi.

Halafu kuna kitu kingine nilikuja kukiona nikiwa mkubwa. Kuna ile sehemu jamaa anamaliza watu sita dakika moja, uwanja kimya, anautupa upanga juu walikokaa wakubwa na kuwauliza watazamaji kama wameridhika sasa, si ndo walichokuja kukifuata. Anawatukana. Na sisi kwenye mabenchi tulikuwa tunapiga makofi hapo hapo anapotutukana, haha.

Mzee wa Projekta

Vijana, mimi nilikuwa naendesha mashine ya sinema enzi hizo jumba likijaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, niruhusuni niseme la biashara maana hakuna aliyeligusa.

Zile muvi kubwa kubwa za Warumi hazikuvuma kwa mapenzi ya historia, zilivuma kwa hofu ya televisheni. Miaka ya hamsini Wamarekani walianza kubaki nyumbani na TV zao, kampuni za filamu zikajiuliza tutawapa nini ambacho kile kisanduku kidogo hakiwezi. Jibu likawa ukubwa. Ben-Hur ya 1959 ilipigwa kwa filamu ya upana wa milimita 65, uwanja wa mashindano ya magari ya farasi wakaujenga kwenye studio za Cinecittà kule kule Roma, na yale mashindano yanachukua kama dakika tisa tu kwenye muvi ya zaidi ya saa tatu na nusu, lakini muulize yeyote aliyeiona, hakumbuki kingine. Oska 11. Mimi nikiwa chumbani kwa mashine nilikuwa najua farasi wameanza bila kuchungulia, kwa kelele za watu tu.

Kisha wakazidisha. Cleopatra ya 1963 iligharimu zaidi ya dola milioni 40, pesa ya wakati ule, karibu imzamishe mwenye kampuni. Mwaka uliofuata wakatoa nyingine ya kuanguka kwa dola la Roma, na kwa taarifa ya mleta mada ina Marcus Aurelius huyo huyo na Commodus huyo huyo, wakajenga Roma nzima ya mbao na plasta nje ya Madrid. Ikaanguka yenyewe kabla ya dola. Baada ya hapo hakuna tajiri aliyetaka kusikia habari za Warumi, miaka 36, mpaka ikaja hiyo ya 2000. Na ilirudi kwa sababu kompyuta ilikuwa imeshaweza kujaza viti. Kule Malta walijenga kipande tu cha Colosseum, ule uwanja wa magladieta wa Roma, ghorofa za juu na umati mwingi ni kompyuta. Hata mzee Oliver Reed, mmoja wa waigizaji wake, alipofariki katikati ya kazi, huko huko Malta 1999, sehemu zake zilizobaki walimbandika uso wake juu ya mtu mwingine.

Kwa hiyo ukiniuliza mvuto ni nini nakwambia ni kukaa mahali ambapo kitu ni kikubwa kuliko wewe. Kwenye simu hizi muvi hazina ladha. Nimejaribu.

Ndugu wa Kalenga

Mnazunguka sana. Tunazipenda kwa sababu tumelishwa kwamba mambo makubwa duniani yalifanywa na watu weupe waliovaa shuka jeupe. Kuanzia Pilato kwenye muvi za Pasaka mpaka leo. Hapa kwetu Wahehe waliwapiga Wajerumani Lugalo 1891, kamanda wao akafa pale pale, Mkwawa akawasumbua miaka saba kwenye misitu, akajipiga risasi 1898 ili asikamatwe, wakakata kichwa wakakipeleka Ujerumani kimerudi 1954 kiko Kalenga hapa mnaweza kuja kukiona. Iko wapi ya skrini kubwa? Hakuna. Ila mtoto wa kidato cha tatu anamjua Commodus.

Fundi Antena

Anamjua vibaya lakini, soma mada.

Sauti ya Kijiweni

@Ndugu wa Kalenga mi ya Mkwawa naitaka kesho asubuhi. Lakini jiulize nani atathubutu. Ukoo upo, wazee wapo, ukimpa stelingi wako mke ambaye hakuwepo au ukamfanya afe kwa upanga badala ya risasi utaitwa kikaoni ujieleze na ni haki yao. Warumi hawana mjukuu wa kulalamika! Ndo maana kila mtu anawachezea anavyotaka, ni kama shamba la marehemu asiye na ndugu, yeyote anapitisha ng'ombe.

Bint Kilindini

Hapo kwa mjukuu umenena kaka, lakini hilo la watu weupe mimi nakataa, na nakataa kwa sababu ya hizo hizo muvi.

Mimi nilienda kuiona ile Gladiator ya pili, ya 2024, na dadangu, tulienda kwa ajili ya Denzel Washington tusidanganyane. Anacheza mtu aitwaye Macrinus, tajiri wa magladieta mwenye hereni masikioni. Nilipotoka nikasema hii ni ile yao ya kupachika mtu mweusi ili tununue tiketi. Nikaenda kusoma ili nipate cha kuwasema. Subhanallah, kumbe Macrinus alikuwepo! Alizaliwa Caesarea ya Mauretania, leo iko Algeria inaitwa Cherchell, na mwanahistoria wa wakati wake, Cassius Dio, anaandika kabisa kwamba alikuwa Mmoro, yaani mwenyeji wa Afrika Kaskazini, na sikio lake moja limetobolewa kama desturi ya kwao. Sikio! Akawa mkuu wa walinzi wa kaizari, akapanga kuuawa kwa Caracalla mwaka 217, mzee mzima aliposhuka kando ya barabara kujisaidia ndipo askari akamchoma, na Macrinus akawa kaizari mwaka na kitu. Sasa hiyo hereni ya Denzel ambayo mtu huidhani ni mapambo ya Hollywood ndiyo iliyo karibu na kitabu, na kilichotungwa ni ule utumwa wake na biashara ya magladieta.

Sasa geuza upande wa pili. Hao ndugu wawili makaizari, Caracalla na Geta, baba yao ni Septimius Severus, mtu wa Leptis Magna, Libya, magofu yake yapo mpaka leo kando ya bahari. Mama yao Julia Domna ni wa Syria. Ipo picha ya familia hiyo iliyochorwa wakiwa hai, iko Berlin, baba kapakwa rangi ya udongo iliyoiva na uso wa Geta umefutwa maana nduguye alimuua akaamuru afutwe kila mahali. Kwenye muvi wamewekwa vijana wawili weupe pee wenye nywele nyekundu. Kwa hiyo ndugu wa Kalenga kosa lao siyo kwamba wanatusimulia habari za watu weupe. Wanachukua habari ambayo nusu yake ni ya Afrika na Sham na kuipaka chokaa, na hilo mimi nisingelijua lau nisingekwenda kuangalia uongo wao. Mleta mada, uongo ndio ulionifungulia mlango, wewe wataka kuubandika onyo la sigara.

Kaka wa Mbagala

Dada nakubali hoja ya Macrinus, sikuijua, ahsante. Lakini wewe ulitoka ukaenda kusoma. Wangapi wanatoka wanaenda kusoma? Wengine tunatoka tunaenda kutafuta chipsi.

Na ukitaja hiyo ya pili nisaidie basi. PAPA. Uwanja umejazwa maji katikati ya Roma, meli mbili zinapigana na chini kuna papa wanasubiri anayedondoka. Hapo mtu mzima nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akanibana mkono.

Mwalimu Mstaafu

Salaam wote. Nimefundisha somo hili miaka mingi, naomba nafasi ya kuchokoza pande zote mbili.

Maji ni kweli, papa hakuna. Colosseum ilipofunguliwa mwaka 80, kaizari Titus alifanya michezo siku 100, na Dio anasema walijaza maji wakapigana kwa meli. Ila baada ya hapo Domitian akachimba vyumba na njia chini ya uwanja, mashimo ya kupandishia wanyama na kadhalika, kujaza maji ikawa haiwezekani tena. Enzi za Caracalla ni zaidi ya miaka 120 baadaye. Na kifaru wa muvi hiyo hiyo ya pili, yule anayepandwa kama farasi, kumpanda ni utani ila kifaru mwenyewe alikuwepo, mshairi Martial anamwelezea akimrusha dubu juu, na Domitian alitoa sarafu yenye picha yake, pembe mbili, yaani kifaru wa Afrika. Na kwa faida ya wanaosema haituhusu, kuna kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinachoelezea pwani yetu mpaka bandari ya Rhapta, na bidhaa zilizokuwa zinatoka huku kimezitaja moja moja, pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru, magamba ya kasa. Soko la mwisho la vitu hivyo lilikuwa ni hao hao.

Sasa kuhusu dole gumba la kuamua gladieta aishi au afe, maana najua mtaniuliza. Waandishi wa kale wanasema watu walikuwa "wanageuza dole", wakaishia hapo. Linageuzwa juu, chini, pembeni? Hawakusema. Dole linaloelekea chini limepata umaarufu kwa mchoro wa Mfaransa Gérôme wa 1872, na ni mchoro huo huo alioonyeshwa Ridley Scott, mwongozaji wa Gladiator, akashawishika kutengeneza muvi. Kwa maneno mengine muvi ilizaliwa na picha iliyozaliwa na kubahatisha.

Lakini linalonikera siyo makosa hayo. Linalonikera ni kwamba walikuwa na mali nzuri wakaiacha. Mfano, kuua gladieta ovyo lilikuwa jambo la gharama. Mwanasheria Gaius anaeleza mkataba wa kukodi: akirudi mzima unalipa dinari 20, akiuawa au akilemaa unalipa dinari 1,000, inahesabika umemnunua. Ni kama kukodi gari, ukiligonga ni lako. Uwanjani palikuwa na refa mwenye fimbo. Mifupa ya magladieta iliyofukuliwa Efeso, Uturuki, ilipopimwa ilionyesha walikuwa wanakula zaidi nafaka na kunde, nyama kidogo, hata waandishi wa kale waliwatania kuwa ni wala shayiri. Hebu fikirieni muvi ya hao watu, mabondia wenye matumbo wanaoishi kwa uji na maharage, meneja wao anaomba Mungu wasiumie kwa sababu ya hesabu za mwisho wa mwezi.

Na Commodus wa kweli ni kituko kuliko yule wa skrini. Alikuwa anajilipa sesterti (hela ya Warumi) milioni moja kwa siku kutoka fungu la michezo kwa kujitokeza uwanjani. Siku moja akamkata kichwa mbuni, akaja nacho mkono wa kushoto, mkono wa kulia upanga unachuruzika damu, akasimama mbele ya maseneta walikokaa. Hakusema neno. Akatikisa kichwa chake huku anakenua, yaani na nyie ni hivi hivi. Dio alikuwa amekaa pale, ni seneta, na anakiri kwamba tatizo lao halikuwa hofu, walikuwa wanataka kucheka, na ukicheka umekufa. Akachuma majani kwenye shada alilovaa kichwani akayatafuna, akawaambia na wenzake wa karibu watafune, ili mdomo uwe na kazi.

Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuona darasa limelala hapo.

Sauti ya Kijiweni

Mwalimu shikamoo. Hiyo ya majani imenimaliza.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba kijana.

Mzee wa Projekta

Mwalimu, ya mabondia wenye matumbo mimi nisingeipangia hata matinee ya jumatano. Samahani lakini.

Bint Kilindini

Na wanawake waliopigana je, mbona hamuwatii? Lipo jiwe British Museum limechongwa wawili, Amazon na Achillia, kutoka Halicarnassus, wameandikiwa wameachiliwa wote wawili wakiwa hai, yaani sare. Severus akaja kupiga marufuku wanawake uwanjani mwaka 200 hivi. Na Lucilla ambaye kwenye ya pili wamemfufua awe mama wa stelingi, huyo nduguye Commodus alimuua kitambo, mwanzoni mwanzoni mwa utawala wake, baada ya njama ya kumpindua. Alikuwa ni yeye aliyepanga njama! Mwanamke kapanga mapinduzi, muvi ikampa kazi ya kulia dirishani.

Ndugu wa Kalenga

Nimesoma yote. Bado nasema ya Mkwawa itengenezwe. Hata na matumbo.

Kaka wa Mbagala

Wakuu narudi na taarifa. Nimemwita kijana nikamsomea posti ya mwalimu yote, neno kwa neno, nikijua sasa nimeshinda. Kasikiliza mpaka mwisho, kwenye mbuni akaacha hata simu. Halafu kaniuliza, anko kama hii ya mbuni ni ya kweli na ni kali hivi, kwa nini hawakuiweka?

Sina jibu. Anayelijua amsaidie mtoto.

Fundi Antena

Mwambie wangeiweka, wewe ndo ungekuwa wa kwanza kuja huku kusema wameongeza chumvi.